Muhali si upendo: kumwambia ndugu kweli hapa visiwani

Muulize Mkristo wa Unguja kwa nini hakumwambia mhazini wa kwaya kwamba hesabu ya sare haikai sawa. Hatasema aliogopa, wala hatasema hakujua. Atasema, "Niliona muhali." Na anayemsikiliza ataitikia kwa kichwa, kwa sababu hapa neno hilo likishatoka mjadala umefungwa. Jirani yangu yule, muhali. Mumewe ndiye aliyenitafutia kazi hotelini, muhali. Krismasi tulikula kwake, muhali.

Wanaohamia kutoka bara huchukua muda kulielewa. Muhali si woga hasa, wala si heshima hasa. Ni kushindwa kusema au kutenda jambo linalopasa kwa sababu ya uso wa mtu na yaliyopita kati yenu. Viongozi wa serikali hulitaja majukwaani, wakiwataka watumishi waache kuoneana muhali kazini. Makanisani halitajwi sana, na nadhani ni kwa sababu kwa mbali linafanana na upendo: lina upole, lina subira, halimwaibishi mtu mbele za watu. Ukitaka kujua lipi ni lipi, uliza ukimya huo unamlinda nani. Mara nyingi si mhazini. Ni mimi ninayenyamaza, nisinuniwe, nisikose mwaliko wa arusi. Mhazini tumemwacha aendelee kuzama, na jioni tukikutana watatu tunamjadili kwa sauti ya chini.

Mambo ya Walawi 19:17 imeliona hilo zamani: "Usimchukie ndugu yako moyoni mwako, hakika yako utamkemea jirani yako." Chuki na kukemea vimewekwa kama vitu viwili vinavyopingana. Anayemnyamazia nduguye ndiye anayekaribia kumchukia.

Mstari ambao sote tunaujua ni Waefeso 4:15, "tuishike kweli katika upendo." Kwa Kiyunani maneno "tuishike kweli" ni kitenzi kimoja tu, aletheuontes, na ndani yake hamna neno "kusema". Ni kama vile Kiswahili kingekuwa na kitenzi kilichoundwa kutokana na "kweli" yenyewe. Kinagusa maneno, lakini pia mwendo, mizani, daftari la mapato. Kitenzi hichohicho kinarudi Wagalatia 4:16, pale Paulo anapouliza, "Je! nimekuwa adui wenu kwa sababu nawaambia yaliyo kweli?" Kwa hiyo hata yeye alinuniwa.

Rudi Waefeso 4, teremka hadi aya ya 25 uone sababu anayoitoa Paulo: "mkaseme kweli kila mtu na jirani yake, kwa maana tu viungo." Hasemi uongo ni mchafu, ingawa ni mchafu. Anasema sisi ni mwili mmoja. Jicho likiuficha mguu kwamba mbele kuna shimo, jicho nalo litaanguka pamoja na mguu.

Kuna neno jingine la Kiyunani ambalo watu wa pwani wanapaswa kulipenda. Wagalatia 6:1 inasema mtu akighafilika katika kosa, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole." Hilo "mrejezeni upya" ni kitenzi kilekile kilichotumika Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni na baba yao "wakizitengeneza nyavu zao." Kumrejesha ndugu ni kazi ya mshona nyavu. Mtazame anavyofanya, Nungwi au Kizimkazi, chini ya mti. Anatandaza wavu, anaupitisha mkononi polepole mpaka apate penye tundu. Hashoni papo hapo. Kwanza anakata nyuzi zilizochanika pembeni mpaka afike kwenye macho mazima yenye fundo imara, kwa sababu uzi mpya ukifungwa kwenye uzi uliooza utaachia siku ya kwanza baharini. Kisha anafunga jicho kwa jicho, kila moja likilingana na wenzake. Akikaza sana, wavu unajikunja pale na kuchanika kando ya kiraka. Akilegeza, samaki anapita. Yote haya yaliyomo katika kazi ya mikono yake yamo pia katika kazi ya maneno: kulitafuta tundu lilipo hasa, kutoshona juu ya uvumi, kutokaza kupita kiasi. Na hajapata kuonekana mshona nyavu anayeutikisa wavu mbele ya wapita njia ili waone ulivyochanika.

Fumbo la Nathani na kijembe cha kanga

Uswahilini tuna njia nzuri ya kusema bila kusema. Mwanamke anavaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" na kupita mbele ya mlango wa jirani mara tatu. Ujumbe umefika, na akiulizwa atasema, kwani kuvaa kanga kosa? Uzuri wa fumbo ni huo, na ubaya wake ni huohuo: msemaji hawajibiki. Aliyesemwa hana mahali pa kujibu, hana hata hakika kwamba ni yeye.

Mtu ataniambia, mbona nabii Nathani alimwendea Daudi kwa fumbo? Kweli, 2 Samweli 12, habari ya tajiri aliyemchukua mwanakondoo wa maskini. Ila angalia mambo mawili. Nathani alikwenda mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwua. Na fumbo lake alilifumbua hapohapo: "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo lilikuwa mlango wa kuingilia, hakujificha nyuma yake. Ukitumia fumbo, basi, lifumbue kabla hujaondoka. Kama huna nia ya kulifumbua, hicho ni kijembe.

Na vijembe vyetu vya kanisani vimevaa kanzu. Kuna sala ya kijembe: "Bwana, tunamkumbuka ndugu yetu mmoja humu ndani anayesumbuliwa na roho ya kupenda fedha." Mungu anamjua kwa jina, waliokuwa hawajui ni watu wa jumuiya, na sasa wanahesabu viti wakitafuta ni nani. Kuna ushuhuda wa kijembe, ambapo mtu anamshukuru Mungu kwa kumshindia "maadui walio karibu". Kuna mahubiri ya kijembe, na haya ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mhubiri ana kipaza sauti na mwenzake hana. Kipimo ni rahisi: kama unajua uso mmoja unaotaka uutazame au uukwepe utakapofika sentensi ile, iondoe sentensi ile kwenye mahubiri, kisha Jumatatu nenda kamwone mwenye uso.

Hesabu ya sare

Tuchukue mfano wa mhazini na kuufuata mpaka mwisho, maana "semeni kweli kwa upendo" ni maneno mepesi mpaka siku ya kuketi na mtu.

Kwaya ina watu 22. Kila mmoja alitakiwa kuchanga shilingi 40,000, jumla 880,000. Kitambaa kilinunuliwa Darajani, mita 3 kwa kila mtu, mita 66 kwa shilingi 6,000 kila mita, ambayo ni 396,000. Fundi alishona kwa 15,000 kila moja, 330,000. Jumla ya matumizi 726,000. Zinabaki 154,000, lakini dada mhazini ametangaza kwamba fedha zote zimekwisha.

Kazi ya kwanza ni ya kalamu. Andika unachokijua kwa macho yako: risiti uliyoiona, bei uliyoisikia kutoka kwa fundi mwenyewe. Chini yake, mbali kidogo, andika unachokidhani. "Zimebaki 154,000 ambazo sijaelezwa" ni unachokijua. "Amezila" ni unachokidhani, na hakitoki mdomoni siku hiyo. Watu wengi huharibikiwa hapa kabla hawajaondoka nyumbani, kwa sababu wanabeba dhana wakiiita kweli. Anayesema uongo kwa ukali anadhani ni jasiri wa kweli kwa kuwa tu ni mkali.

Kisha jiulize umeshamwambia nani. Kama umeshamsimulia mtu mmoja, una deni la kumrudia na kusema, "Nilikueleza jambo ambalo sijamwuliza mwenyewe, naomba ulisitiri." Mathayo 18:15 inasema "wewe na yeye peke yenu", na peke yenu haianzi siku mnayokutana. Ilishaanza siku ulipogundua.

Ujumbe wa kuomba mkutano una mtego wake. Ukiandika WhatsApp "Dada, nina jambo nataka tuzungumze" kisha ukazima simu ukalala, umemnyima mwenzako usingizi. Atapitia dhambi zake zote mpaka alfajiri na atakuja amejiandaa kwa vita. Mwambie ni jambo gani na ni muda gani: "Dada, naomba tuketi kesho baada ya mazoezi, dakika 20, tupitie pamoja hesabu ya sare." Hapo anaweza hata kuja na daftari. Simu ni ya kupangia mahali tu. Usimwonye mtu kwa sauti ya dakika sita iliyorekodiwa: hawezi kukukatiza, huoni uso wake, na kesho yake iko kwenye simu za watu ambao hukuwakusudia.

Mahali: pasiwe barazani, maana baraza ya Mji Mkongwe imejengwa kwa ajili ya wapita njia na kila anayepita atasalimu na kuketi. Pasiwe nyumbani kwake mbele ya watoto. Kama ni mwanamume na mwanamke, chumba kilichofungwa kitazaa maneno mengine. Tafuteni ukumbi wa kanisa, mlango wazi, au benchi la uani, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Ketini ubavu kwa ubavu au pembe ya meza, si kutazamana kama mahakamani. Na wakati uwe ambao hakuna aliye na njaa wala anayekimbilia boti ya saa tisa u nusu.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayoamua. Hizi zinaharibu: "Watu wanasema..." (watu gani? badala ya kujibu ataanza kuwawinda). "Wewe kila siku..." (atatafuta siku moja ambayo hakufanya, na ataipata). "Usinielewe vibaya, lakini..." (ameshakuelewa vibaya). Pia ule utangulizi mrefu wa kumvisha kilemba cha ukoka, jinsi anavyoimba vizuri, jinsi kwaya isivyoweza bila yeye, kisha "ila". Neno "ila" litafuta yote yaliyotangulia, na siku nyingine ukimsifu kwa dhati atasubiri kipigo.

Sema jambo, tarakimu na ombi, kwa pumzi moja: "Dada, ni hesabu ya sare. Tulipaswa kuchanga 880,000. Nimejumlisha kitambaa na ushonaji nikapata 726,000. Hiyo 154,000 sijajua imekwendaje, naomba unisaidie kuelewa." Hamna sifa mbaya hata moja mle ndani. Hamna "aibu", hamna "sadaka ya Mungu", hamna aya ya Biblia. Aya zina wakati wake. Zikitangulia zinamgeuza Mungu kuwa shahidi wa upande mmoja.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wenye moyo laini wanapoanguka. Kimya kinawachoma, wanaanza kumjibia: "Lakini pengine ulisahau, sivyo, au ni nauli..." Wamemkabidhi uongo tayari umeshapikwa, yeye ni kutia mdomoni tu. Hesabu mpaka kumi moyoni. Mithali 18:13 inamwita mjinga anayejibu kabla hajasikia, na kumjibia mwenzako ni namna ya kujibu kabla hujasikia.

Sasa anaweza kufanya moja ya haya. Anaweza kueleza: wenzetu wawili hawakuwa na fedha, nikaona muhali kuwaacha bila sare, nikawalipia kutoka humohumo. Wawili ni 80,000. Kumbe waliochanga ni 20, zilizoingia ni 800,000, na tatizo lako la 154,000 limeshuka likawa 74,000. Ndiyo maana tulianza kwa kuuliza. Ungeanza kwa "umezila", ungekuwa umemsingizia zaidi ya nusu.

Anaweza kulia. Msubiri, mpe maji, usiondoe ulichosema. Ukisema "basi, basi, tuyaache", umemfundisha kwamba machozi yanafuta hesabu, na utalazimika kuja tena siku ambayo itakuwa ngumu mara mbili. Anaweza kukugeuzia: "Na wewe mbona ile mic ya kanisa iko kwako tangu Pasaka?" Usijitetee. "Hilo la mic ni kweli, nitairudisha Jumamosi. Leo tumalizie hili." Na hakikisha Jumamosi mic imerudi, la sivyo kila utakachomwambia tena hakitakuwa na uzito. Anaweza kukasirika akaondoka. Muache aende, usimfuate njiani.

Na anaweza kusema, zile 74,000 nilizitumia mtoto alipokuwa mgonjwa, nilitaka kuzirudisha. Wengi hapa wanadhani upendo ni kusema "yaishe". Hayajaisha, fedha ni za watu 20. Upendo ni kupanga naye zirudi vipi: 37,000 mwisho wa mwezi huu, 37,000 mwezi ujao, kwa maandishi kwenye karatasi mnayoisaini wote wawili. Kama una uwezo na umeguswa, toa 20,000 mfukoni mwako na mwambie wazi kuwa ni zako na ni zawadi. Usiiguse hesabu. Daftari lililoandikwa uongo kwa huruma ni daftari la uongo.

Akikataa kabisa, Mathayo 18:16 inaruhusu mmoja au wawili. Chagua watu ambao wanaweza kukuambia wewe kwamba umekosea. Ukichukua marafiki zako wawili, yeye ataona genge, na ataona sawasawa. Wala usiwalishe hukumu njiani. Wape karatasi yenye tarakimu, wamsikie na yeye. Mithali 18:17: "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki; lakini jirani yake huja na kumchunguza." Mpe wiki moja kati ya hatua na hatua. Najua kuna wanaotaja "jua lisichwe" na kugonga mlango wa mtu saa nne usiku wakiwa wanatetemeka kwa hasira. Aya hiyo, Waefeso 4:26, inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Inaagiza uchungu utoke. Haisemi uende ukaumwage kwake.

"Liambie kanisa" ya Mathayo 18:17 nayo haina maana ya tangazo kati ya sadaka na baraka. Anza kwa padri au mchungaji na wazee, kikao chenye milango.

Ambako njia hii haifai

Kosa linalofanyika mara kwa mara makanisani, na halina utani: kumrudisha mke anayepigwa akazungumze na mumewe "wewe na yeye peke yenu". Mathayo 18 inamhusu ndugu aliyekukosea mkiwa mnaweza kuketi sawa kwa sawa. Haikuandikwa ili mwenye kuumizwa afungiwe chumba kimoja na anayemuumiza. Mtoto akinajisiwa au kupigwa, awe ni nani aliyefanya, mwimbaji, mwalimu wa Jumapili au mwenye kola shingoni, jambo linakwenda polisi na hospitalini siku hiyohiyo, kabla ya kikao chochote cha wazee. Kwenye hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono kwa ajili hiyo. "Tulimalize kifamilia" ni muhali uliokomaa.

Kwa mzee njia hubadilika bila kweli kupungua. 1 Timotheo 5:1: "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba." Kijana ataanza na shikamoo yake, atasubiri aulizwe habari, atasema "Baba, naomba radhi, kuna jambo linanitatiza." Hiyo radhi ni mlango wa adabu na haina ubaya, mradi usiishie hapo ukaondoka na chai yako. Kumtuma mtu wa kati kunakubalika kwetu, lakini mjumbe huongeza chumvi au hupunguza. Afadhali aende nawe kuliko aende badala yako.

Ndiyo, siyo, na haki ya Mungu

Pemba ina ukurasa unaosahaulika. Mwaka 1897, mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba, walifika Wakristo wanaojiita Marafiki, ambao wengi wanawajua kama Quakers, wakaanzisha misheni yao upande wa Chake Chake, wakifanya kazi na watu waliotoka utumwani. Watu hawa wana desturi ya karne nyingi ya kukataa kuapa, hata mahakamani, kwa ajili ya Mathayo 5:37: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Hoja yao ni kavu na sijaona aliyeijibu: ukiapa leo, unakiri kwamba jana, usipoapa, neno lako lilikuwa na uzito mdogo. Kwa sababu hiyohiyo wafanyabiashara wao kule Uingereza walijulikana kwa bei moja isiyopanda wala kushuka.

Sisi tunaapa kutwa. "Haki ya Mungu niko njiani", na mtu bado anatafuta ufunguo nyumbani Fuoni. "Nimefika Darajani", na daladala haijatoka Mwanakwerekwe. Halafu kuna "Mungu akipenda", maneno yaliyo sawa na "Bwana akipenda" ya Yakobo 4:15, tuliyoyageuza kuwa "hapana" ya adabu. Mwenzako akikualika na hutaki kwenda, ukisema "Mungu akipenda nitakuja", umempa Mungu lawama ya kutokuja kwako, na yeye atapika wali wa mtu mmoja zaidi. Zoezi ambalo linafanya kazi ni dogo: wiki moja, kila ukiulizwa uko wapi, taja mahali ulipo hasa na dakika zilizobaki. "Bado niko nyumbani, nipe dakika 40." Siku mbili za kwanza zinauma.

Biashara je? Kupatana bei sokoni sioni kuwa uongo. Muuzaji anataja 30,000, mnunuzi anataja 15,000, wote wanajua mchezo. Uongo huanza muuzaji anaposema, "Mimi mwenyewe nimenunua 25,000," naye alinunua 12,000. Au anapomwambia mtalii kwamba kipande kile cha ubao kilitoka kwenye mlango wa zamani wa Mji Mkongwe, na rangi bado inanuka. Mkristo anayeuza vinyago anaweza kukataa kutaja alinunua kwa bei gani. Kunyamaza kuhusu faida yako si dhambi.

Na jirani Mwislamu, tunaoishi naye ukuta kwa ukuta, anayetuletea futari Ramadhani? Akiuliza kwa dhati kama tunaabudu miungu watatu, usibabaishe kwa kuona muhali, wala usimgeuzie kwa kuuliza la dini yake. Jibu unachoamini kwa dakika mbili, kwa "upole na kwa hofu" kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza, kisha umuulize mgonjwa wake anaendeleaje. Na kweli za hesabu ya sare zisifike barazani kwake.

Kwa aliyefiwa, sema kidogo sana. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. "Mungu amempenda zaidi" hujui kama ni kweli, kwa hiyo usiseme.

Unapoambiwa wewe

Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa pale. Wageni wakiingia huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na wanasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa safarini. Ni masimulizi ya waongozaji, lakini nguzo ziko kichwa chini kweli. Nikizitazama humfikiria mmoja wa mafundi walioziinua, ambaye huenda aliliona kosa. Alikuwa na sababu ya kusema? Angesikilizwa?

Kama hakuna anayekuambia kweli, huenda si kwamba huna makosa. Huenda aliyekuambia mara ya mwisho alijuta. Ukiambiwa, rudia ulichosikia kwa maneno yako kabla ya kujibu: "Unasema nilitangaza fedha zimekwisha na zilikuwapo." Kisha kubali sehemu iliyo kweli, hata kama ni robo. Radhi yetu ya jumla, "nisamehe kwa yote niliyokukosea", ni nzuri ya kuagania safari, lakini haitoshi hapa. Wala "kama nimekukosea". Taja: "Nilitumia 74,000 bila kuwaambia, na nikasema zimekwisha. Ulikuwa uongo." Maneno ya kiburi yatakayobaki kooni, yameze.

Kuhusu dada mhazini, zimebaki kazi mbili. Siku fedha zitakapokamilika, mwenyekiti aiambie kwaya kwamba hesabu ya sare imefungwa, imeingia 800,000, imetumika 726,000, zimebaki 74,000 na ziko kwenye sanduku. Tarakimu zote, jina la mtu hamna. Watakaouliza "ilikuwaje?" wajibiwe kwamba daftari liko wazi, waje walisome. Na kuanzia hapo sanduku liwe na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili, ikiwa ni pamoja na yeye, kama bado anataka kazi hiyo. Aulizwe yeye mwenyewe, asiamuliwe.